Kasia la Mukhwana

Toa hicho kicheko usoni, Sella, kabla sijaanza.

Najua unavyoniona. Unaona shosho, bibi kizee wa njugu, mtu wa darasa la nne, akili zimeanza kuvuja kama bati la choo cha ploti. Umetoka mlango wako wa ng'ambo ya koridoo, umeingia kwangu bila hodi, umesimama katikati ya nyumba na sweta ya mume wangu mwilini, unaniuliza mume wangu yuko wapi. Unaniuliza mimi, Wakarima, niliyeolewa na Mukhwana wakati hii Kawangware bado ilikuwa na mashamba ya mahindi! Halafu nikikwambia ukweli, unacheka. Kwani ulikuja kuuliza au ulikuja kunicheka?

Keti. Hapo kwa stuli yake, unapajua. Shika njugu, bado ni moto, nimezitoa jikoni sasa hivi. Kula. Maneno yangu ni marefu na sitaki kusikia tumbo lako likinguruma katikati.

Na leo usiniite shosho. Mimi unaniita shosho, lakini yeye, aliyenizidi miaka, sijawahi kukusikia ukimwita guka, kama babu. Unamwita Mukhwana, hivyo tu, kavu, kama mtu mliyeketi naye dawati moja. Masikio yangu hayajazeeka.

Sasa sikiliza.

Ilikuwa jioni, kwenye ile baridi ya Julai inayoingia mpaka kwa mifupa. Nilikuwa nimeishiwa karatasi. Watu hudhani biashara ya njugu ni njugu. Wapi! Njugu kila mtu anaweza kukaanga. Kazi ni karatasi. Plastiki serikali ilishakataza, gazeti linaacha wino, na wateja wa hapa kituo cha magari cha 46 siku hizi wana maringo kama watu wa majumba makubwa. Kwa hivyo mimi hununua vitabu vizee. Nararua ukurasa mmoja mmoja, naukunja kama pembe, nabana ncha ya chini isivuje, najaza. Mtu akimaliza njugu anasoma kidogo, anatupa. Wananiita Mama Vitabu, na sijawahi kumaliza kusoma hata kimoja.

Vitabu hutoka Kibera kwa Morris, yule kijana wa karatasi kuukuu mwenye kibanda karibu na reli. Siku hiyo nilifika jua likizama nyuma ya mabati. Morris hakuwa na zile stori zake. Alinipimia vitabu vya hesabu, vya dini, vya sheria, kimya kimya. Kisha akavuta kimoja kutoka chini ya meza, kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya aliyekufa.

"Mathe, hiki chukua tu."

"Weka kwa mizani na hivyo vingine."

"Hapana. Hicho si cha kupima. Ni zawadi."

"Tangu lini wewe ukapeana zawadi?"

Aliangalia nyuma yake. Nyuma kulikuwa na pazia limevutwa nusu, kitanda, na kofia ya mlinzi imetundikwa kwa msumari. Chini ya kofia kulikuwa na gambuti mbili, zile buti za mpira, zimepangwa vizuri kama za mtu aliyelala. Lakini kitandani hakukuwa na mtu.

"Si wewe hufunga njugu?" akaninong'oneza. "Karatasi yake ni ngumu, inateleza, mafuta hayapenyi. Funga nacho njugu, mathe. Uza. Usikae nacho."

Akapangusa vile vidole kwa suruali. Mara mbili.

Kilikuwa kitabu chembamba, cha picha, cha Kizungu. Kwenye jalada kulikuwa na meli nyingi zenye miguu, ndivyo nilivyodhani kwanza, miguu mingi kama ya jongoo. Yalikuwa makasia. Nilipofika hapa nyumbani nikakifungua kwa mwanga wa dirisha, nikifikiria tu kurasa ngapi zitatoka. Mwanzoni ilikuwa wafalme na ramani. Halafu katikati, picha moja kubwa. Merikebu imepasuliwa ubavu kama samaki, unaona tumbo lake lote. Ndani ni wanaume, safu kwa safu, wamebanana kwenye mabenchi, wanne kwa kasia moja, mnyororo kwenye kifundo cha mguu. Wazungu, vifua wazi, mbavu nje. Wote wanaangalia mbele, macho makavu, kama watu waliochorwa.

Isipokuwa mmoja.

Benchi la tatu, mwisho wa kasia. Mzee mweusi kama mimi na wewe. Amevaa shati la buluu la mlinzi, lile lenye vifungo mabegani, limechanika mgongoni. Na yeye hakuangalia mbele.

Aliniangalia mimi.

Nilisema, hawa wachoraji nao, mlinzi wa Nairobi anatafuta nini kwa vita vya Wazungu? Nikafunga kitabu, nikakiweka juu ya vile vingine vya kuraruliwa.

Ndipo Mukhwana akaingia kutoka kazini, vumbi la mbao mpaka kwa nyusi. Akanawa. Akakiona. Na yule mzee, ambaye kwa miaka yote hii hajawahi kuniomba kitu kisichowekwa kwa sahani, akakibeba kwa mikono miwili akasema, "Wakarima, hiki usirarue."

"Kwa nini? Umejua Kizungu leo?"

"Hebu ona vile wameunganisha hizi mbao. Hakuna msumari. Na hii kasia, ona, mti mmoja mzima. Ni ndefu kuliko koridoo yetu."

Fundi ni fundi. Nikamwachia. Nilifikiri ataangalia siku moja, achoke.

Ungetulia upande wako, Sella, angechoka. Lakini wewe ulipita na karai la nguo, ukasimama mlangoni, ukanyoosha shingo. "Mukhwana, hiyo ni nini unasoma?" Na yeye akacheka kama kijana. "Nasoma picha." Nawe ukaweka karai chini. "Leta nikusomee maneno."

Kwani nani alikutuma?

Tangu siku hiyo kila jioni ni nyinyi. Viti viwili koridooni chini ya taa, vichwa viwili juu ya kitabu kimoja. Wewe unasoma Kizungu, unamgeuzia kwa lugha yenu ya kwenu Bungoma, mnacheka. Mimi niko hapa ndani nachambua njugu. Nimekaa na huyo mwanaume mpaka meno yake yametoka moja moja mbele yangu, na lugha yake bado inanipita. Mkitaka nisisikie, mnaingia huko. Mkisahau, mnarudi kwa Kiswahili, ndiyo maana na mimi nayajua. Mwaka wa elfu moja mia tano sabini na moja, ulisoma. Bahari ya Ugiriki, mahali panaitwa Lepanto. Merikebu za Wakristo upande huu, za Waturuki upande ule, mamia, na jua halijazama bahari imejaa mbao na watu. Waliovuta makasia wengi walikuwa watumwa na wafungwa. Walikula pale pale, walilala pale pale, walijisaidia pale pale. Filimbi ya kwanza wanashika kasia, ya pili wanavuta, anayechelewa anachapwa mgongoni. Merikebu ikija, ulisoma, unainusa kabla hujaiona.

Hapo ndipo ile harufu ilianza. Unaikumbuka vizuri, maana wewe ndiye uliyeenda kumgombeza keateka, mwangalizi wa ploti, ati choo kimefurika. Choo kilikuwa kikavu. Harufu ilikuwa ya watu. Jasho la zamani, siki, mavi, na kitu kingine chini yake ambacho nilichelewa kukijua.

Chumvi.

Kula, kula, kwani zina nini? Nimeweka chumvi kidogo tu.

Kisha mikono yake. Mikono ya Mukhwana naijua kuliko uso wangu. Fundi wa vitanda huwa na sugu hapa, chini ya vidole, na hapa kwenye gumba pa kusukuma randa. Jioni moja nampa chai, naona malengelenge. Mapya. Yamepangana mstari kukata viganja vyote viwili, kama mtu aliyeshika mpini mnene kutoka asubuhi.

"Umefanya kazi gani?"

"Leo sikuenda kazi. Nilikuwa na kitabu."

"Na haya?"

Akaviangalia viganja vyake kama vya mtu mwingine. Akanywa chai.

Sikuogopa. Wacha nikwambie ukweli, sikuogopa hata kidogo, kwa sababu mtu mwenye wivu hana nafasi ya kuogopa. Wivu unakaa nyumba nzima. Nilikuwa nikilala nasikia mbao zinalia, kwiii... kwaa... kwiii... kwaa, kama kitanda kinavutwa na kurudishwa, na kitanda chetu hakisongi. Nilikuwa nikisikia filimbi jioni, fupi, kali, karibu kabisa. Nilisema ni walinzi wa huko Riruta. Nilichowaza ni wewe na yale mafuta yako ya nywele.

Halafu ikaja jioni ya sweta.

Usiishike shike, iache. Nilikuwa hapo mlangoni na ungo. Kulikuwa na baridi. Ulijikunja kidogo, ukafanya "sss" na meno, vile mnajua kufanya. Na yeye, mtu ambaye mimi nikimwambia nahisi baridi ananiambia nisogee jikoni, akainuka. Akavua sweta. Akakuwekea mabegani.

Hiyo sweta niliifuma mimi. Kola yake niliifumua mara mbili ndipo ikakaa sawa.

Kesho yake mlipoenda kazini, nilikichukua kitabu. Nikakirarua. Nilikirarua polepole, ukurasa mmoja mmoja, na karatasi yake ilikuwa tamu kuraruka, Sella, kama kitambaa kipya. Wafalme niliwafungia njugu. Ramani nilizifungia njugu. Zikaisha zote pale kwa magari, na hakuna aliyepatwa na jambo, nimeulizia. Wafalme hawavuti makasia.

Picha moja ndiyo niliibakisha. Ile ya katikati.

Jioni akaingia. Mvua ilikuwa inadondoka, stima imepotea, nimewasha mshumaa. Hakuniamkua. Aliangalia juu ya kabati, chini ya mto, kwa kikapu.

"Kitabu kiko wapi?"

"Kimeuzwa."

"Chote?"

"Mwambie msomaji wako akununulie kingine."

Mimi nikachukua ule ukurasa mbele yake, nikaukunja kama pembe, nikabana ncha, nikachota njugu moto nikajaza mpaka juu. Nikamwekea mkononi.

"Haya. Kula kitabu chako."

Nilitaka apige kelele. Nilitaka anitukane, mtu hutukana anayemjali. Aliketi hapo ulipoketi. Akachukua njugu moja. Akatafuna. Akachukua nyingine. Alikula kama mtu aliyepewa chakula chake cha zamu.

Nikakumbuka nguo kwenye kamba. Nikatoka koridooni. Nilikuwa nimekamata shuka kwa mkono huu, klipu ziko mdomoni...

Filimbi.

Haikuwa Riruta. Ilikuwa humu ndani.

Halafu mbao. Kwiii.

Halafu kitu kizito kikaburutwa chini, chuma kwa simenti. Halafu pumzi, si ya mtu mmoja, ya watu wengi wakivuta pumzi pamoja... haaa... wakiitoa pamoja. Mshumaa ukazima kabla sijafika mlangoni.

"Mukhwana?"

Nikaingia gizani.

"Mukhwana, wacha mchezo."

Nilipapasa, nikapata kiberiti. Stuli ilikuwa pale. Maganda ya njugu chini. Akala zake, zile ndara za tairi, moja imesimama, moja imelala. Simenti ilikuwa imelowa, na bati langu halivuji. Nikachovya kidole. Nikaonja.

Chumvi.

Ile karatasi ilikuwa juu ya stuli. Imejikunjua yenyewe, imelala sawa, kama haijawahi kukunjwa. Nikaileta karibu na moto.

Benchi la tatu. Mwisho wa kasia.

Shati la kitenge, lile lake la Jumapili ambalo amelifanya la kazi. Kiganja juu ya mpini, na kwenye gumba kovu la msumeno. Mnyororo ulikuwa mpya, unang'aa kuliko wa wengine.

Mlinzi hakuwa hapo tena.

Wewe siku hiyo ulilia. Ulilia pale koridooni, ploti nzima ikasikia, kama wewe ndiye mwenye mume. Wanawake wakakushika mabega, wakakuletea maji. Mimi nilisimama na shuka langu, hakuna aliyenipa hata pole. Wengine wakasema amehamia Riruta kwa mwanamke. Wengine wakasema amerudi kwao. Wakaniangalia mdomo wangu, wakasema huo mdomo ungemfukuza yeyote.

Mimi nilikwenda Kibera.

Kutoka nje niliijua ile harufu. Morris aliponiona alikaa chini juu ya gunia. Pazia lilikuwa wazi. Kitandani kulikuwa na mzee, shati la buluu la mlinzi limechanika mgongoni. Macho yamefumba. Lakini mikono, Sella. Mikono ilikuwa mbele yake, imekamata hewa, inavuta mpaka kifuani, inasukuma, inavuta. Kifundo chake cha mguu kilikuwa hakina ngozi.

"Ni mjomba," Morris akanong'ona. "Amelala. Anafanya hivyo hata akilala. Anasema bado anawaona wenzake."

"Mume wangu yuko wapi?"

"Mathe, nisamehe."

"Samahani yako kaitie chumvi ule. Mume wangu yuko wapi?"

Akaniambia. Si yote, na nadhani yote hayajui. Mjomba wake alikuwa mlinzi kwa nyumba moja kubwa. Wenyewe walihama, wakatupa vitu, kitabu kikawa ndani. Mzee akakifanya cha kuangalia zamu ya jioni. Siku moja akaweka mkate wake juu ya ile picha, akala. Asubuhi wakapata gambuti langoni.

"Ni posho," Morris akasema. "Ukila kutoka kwa ile karatasi, umekula posho yao. Ushakuwa wao."

"Nani alikuambia?"

"Yeye. Amerudi na maneno kidogo tu, hayo ni mojawapo. Mwingine akila, aliyekuwa hapo anafunguliwa. Nafasi ni moja."

"Na wewe ukanipa mimi."

Hakuinua macho. "Wewe hufunga njugu. Nilifikiri atakuwa mteja. Mtu wa njia tu. Mtu hatumjui."

Nilikuwa nimebeba mwavuli. Nilitaka kumpiga nao mpaka uvunjike. Lakini nilimwangalia akimpangusa yule mzee mate kwa kona ya shati, nikaona ningefanya vile vile. Nikageuka niondoke. Ndipo mzee akafungua macho. Mikono haikuacha kuvuta.

"Wa benchi la tatu..." akasema. Sauti kama mbao kavu. "Ameacha kumtafuta?"

"Kumtafuta nani?"

Akafumba macho.

Sikuelewa. Nilirudi nyumbani, nikaunyoosha ule ukurasa, nikauweka chini ya godoro upande wangu. Kila jioni nilikuwa nikiutoa kumwona. Ndiyo, mimi pia nikawa mtu wa kuangalia picha. Alikuwa anakonda. Mtu amechorwa, lakini anakonda. Nilifikiria nani nimpe zile njugu. Kuna yule mlevi wa Gatina anayelala mtaroni, hana wa kumlilia. Nilimkunjia kabisa. Nilifika hadi pale alipo. Nikarudi nazo.

Kwa sababu nilikuwa nimeona shingo ya Mukhwana pale pichani.

Siku ya kwanza Mukhwana alikuwa anaangalia mbele kama wale wengine. Halafu kichwa kikaanza kugeuka. Kidogo. Unajua mtu akisikia jina lake nyuma? Hivyo. Jioni hii sikio, jioni ile shavu. Nikasema, ananitafuta. Mume wangu yuko huko na mnyororo mguuni, ananitafuta mimi. Nililia, Sella, mimi ambaye sikulia hata msibani kwa mama yangu. Nikakaa mbele ya picha, upande ule anaogeukia, nikamngoja.

Akafika. Macho yakatokea nje ya karatasi.

Yakanipita.

Nikasogea. Yakanipita. Nikauweka ukurasa ukutani, nikaulaza kitandani, nikaugeuza kichwa chini miguu juu. Nikiufunika na kuufunua, shingo imegeuka tena kule kule. Nikafuata yale macho kwa kidole, kama mtoto anayesoma. Yanatoka hapa kitandani, yanapita mlango huu, yanakata koridoo.

Mlango wako.

Hata na mnyororo. Hata huko chini kwenye mavi na filimbi, na mimi nimekaa hapa mbele ya pua yake.

Ndipo nikamwelewa mzee wa Kibera. Na ndipo nikajua nani atakula.

Nilikuwa nimepanga kukuita mwenyewe. Nilikuwa nafikiria nitasema nini, maana wewe na mimi hatujaalikana hata kwa chai. Ukanirahisishia. Ukaja mwenyewe na maneno, na sweta.

Zimeisha hizo njugu? Umeona. Hata hukusikia ukizimaliza.

Sasa fungua hiyo karatasi. Ifungue, si unajua kusoma? Na usiniangalie hivyo, mimi sikukuwekea mdomoni. Nilisema tu kula.

Unaona benchi la tatu? Niambie, yuko hapo, au ameshaanza kufifia?

Mbona umeacha kucheka?

Na usijidanganye ati nimekutuma ukakae naye. Raha hiyo nisingekupa. Nafasi ni moja. Wewe ukiketi, yeye anainuka. Mtapishana mlangoni, labda hata msionane. Nimewaza hayo jioni nyingi na kila nikiwaza nalala vizuri.

Simama basi uondoke, nani amekushika? Huwezi? Mguu ni mzito?

Mikono yako inafanya nini hapo mbele, Sella?

Hiyo harufu si choo.

Mimi natoka. Nitakaa hapa nje kwa kindoo, niangalie jiko. Akirudi kama yule wa Kibera, mikono ikivuta hewa mchana na usiku, sawa, atavutia kwangu. Nitamlisha kwa kijiko. Akiuliza uko wapi, nitamwambia ulihama na hukuaga mtu. Na macho yake yakitafuta ule mlango wa ng'ambo, nimeshaongea na mwenye ploti, kuna mtu wa makaa atauchukua.

Sweta ivue kama bado mikono inakusikiza. Itupe kitandani. Sitaki iende huko ichafuke.

Usinipigie kelele, jioni hii redio zote zimewashwa.

Umeisikia? Hiyo ni ya kwanza. Ikipigwa ya pili, vuta na wenzako. Usichelewe, wewe mwenyewe ulitusomea wanachofanywa wanaochelewa.

Mlango naufunga kwa nje. Atakayebisha kutoka ndani nitamjua kwa mkono. Mkono wa fundi hugonga mara moja, mzito, halafu unangoja. Huo nitaufungulia.

Wako, sitausikia.